Ngomeni asubuhi, Nyali alasiri: siku yetu ya Fort Jesus na bustani ya maji

Ukiwa Mombasa na watoto na una siku moja tu ya kuwatembeza, anza na Fort Jesus, ile ngome ya kale ya Wareno, umalizie kwenye bustani ya maji Nyali. Usigeuze. Mtoto akishatoka bwawani, macho mekundu na njaa imemshika, hataki kusikia habari za Mreno wala Mwarabu.

Msafara wetu ulikuwa mimi, baba watoto, watoto watatu na mama mkwe, ambaye amezaliwa Faza, mji wa kisiwa cha Pate kule Lamu, na kukulia Mombasa. Huyo ndiye niliyedhani atachoka mapema. Watu wengi wa hapa tunaichukulia ngome kama mahali pa watalii na safari za shule: unapita nje ukienda Mji wa Kale, unanunua achari na mabuyu, basi.

Fikeni saa mbili asubuhi, lango likifunguliwa, kabla jua halijapanda na mabasi ya shule hayajafika. Malipo ni kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa hivyo weka chaji na kitambulisho mkononi, maana bei ya raia si ya mgeni. Kisha chukua mtembezaji, na mwelewane bei kabla hamjapiga hatua. Sisi nusura tumwache ili tuokoe pesa, na bila yeye watoto wangeona kuta na mizinga tu, wakauliza saa ya kuogelea.

Bwana yule alijua kuzungumza na watoto. Aliwaambia ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya mfalme Philip aliyetawala Uhispania na Ureno pamoja, na kwamba aliyeichora ramani ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala, kichwa kimeelekea baharini. Mwanangu wa kwanza akalala chali papo hapo kwenye nyasi, mikono na miguu ameitanua, na wadogo zake wakawa wanagombania nani awe mzinga begani pake. Langoni akawasimamisha chini ya maandishi ya Kireno ya mwaka 1635. Hayo yaliwekwa baada ya mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, kuiteka ngome mwaka 1631 na kumuua kapteni wa Wareno, ingawa Yusuf mwenyewe alikuwa amelelewa Goa, India, na kubatizwa na Wareno hao hao. Mtoto wa pili akauliza, "Sasa alikuwa wetu ama wao?" Mtembezaji akacheka, akasema watu wanabishana mpaka leo.

Kilichoniteka mimi ni habari ya mazingiwa. Waomani waliizunguka ngome tangu 1696, na haikuanguka mpaka Desemba 1698. Ndani njaa na maradhi viliwamaliza Wareno. Ilifika wakati mwaka 1697 ambapo hapakuwa na Mreno wa kuamrisha, na aliyebaki akiishikilia ngome ni Bwana Daudi wa Faza, pamoja na jamaa zake na wanawake waliokimbilia ndani, mpaka msaada ukafika kwa merikebu. Kusikia Faza, mama mkwe aliinua kichwa. "Daudi wa wapi?" Mtembezaji akarudia. "Kumbe nasi twalikuwamo!" Tangu hapo hakubaki nyuma tena, alitangulia kila chumba, anauliza Daudi alilala wapi, anakula nini, na kwa nini watu wa Faza wawe upande wa Mreno. Swali hilo la mwisho lilijibiwa kwa maneno mengi: uadui wa miji ya Pate, siasa, na kadhalika. Hakuridhika.

Kwenye jumba la makumbusho msipite mbio. Kuna vitu vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchimbuliwa na wapiga mbizi miaka ya 1970 mwishoni. Kuna pia michoro iliyochorwa na askari wa Kireno ukutani, kwa rangi nyeusi na nyekundu: merikebu, watu, mistari ya mtu aliyechoshwa na zamu. Kitinda mimba wangu, ambaye ameniharibia kuta za sebule, aliitazama kwa makini mno kuliko nilivyopenda. Na mwonyesheni mtoto kuta zenyewe kwa karibu. Ni mawe ya matumbawe, na ukipitisha kidole unakuta alama za chaza na vijidudu vya bahari ndani ya jiwe. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko kwenye mizinga.

Waingereza waliigeuza kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Mama mkwe anakumbuka wakubwa wake wakisema fulani "yuko Ngomeni", na kila mtu anaelewa hayuko kutembea.

Tahadhari mbili: uwanjani kivuli ni haba, basi kofia na maji, na juu ya kuta mtoto mdogo mshike mkono. Saa tano mtakuwa mmetosheka. Ingieni Mji wa Kale mle mshibe, biriani au viazi karai, kwa sababu nitakayoeleza. Kisha tuktuk mpaka ng'ambo ya daraja la Nyali.

Bustani ya maji tuliyokwenda sitaitaja, maana nina ya kulalamika. Kwa watoto ilikuwa peponi. Mabomba ya kuteleza ya kila urefu, bwawa la kina cha goti kwa wadogo, na mfereji wa mviringo ambao unakaa juu ya boya na maji yanakuzungusha taratibu. Walinzi wa bwawa walikuwa macho: wanapima urefu wa mtoto kabla hajapanda bomba kubwa, na aliyekimbia sakafuni anapulizwa filimbi. Hilo nawapa alama zote.

Lakini langoni mikoba ilipekuliwa na achari zetu zikabaki kwa mlinzi, ingawa nilipouliza kwa simu siku iliyotangulia sikuambiwa lolote juu ya chakula. Ndani, sahani ya chipsi na kuku ilikuwa bei ya mlo wetu wote wa Mji wa Kale, au karibu. Kabati za kufungia vitu zilizokuwa na kufuli zima zilikuwa chache, hivyo mtu mmoja lazima akae na mizigo. Vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa na maji ya kifundo cha mguu. Na nguo: pamba hairuhusiwi majini, ila ya kujistiri iliyoshonwa kwa kitambaa cha kuogelea inakubalika. Dada mmoja mbele yetu alirudishwa na dera lake, akauziwa suruali ya kuogelea dukani kwao kwa bei ya kumtoa mtu machozi. Njooni nazo kutoka nyumbani.

Mizigo ilikaliwa na mama mkwe, kwa hiari yake, miguu ndani ya maji na leso mabegani, anamsimulia mama wa jirani habari za Bwana Daudi kana kwamba alikuwa mjomba wake.

Kwa pesa, ngome ilikuwa sehemu ndogo sana ya gharama. Maji na chakula cha ndani ndivyo vilivyokula bajeti. Mwenye watoto wa chini ya miaka minne ningemwambia alipie ngome tu, kisha awapeleke kuogelea ufuo wa umma bure, kwa sababu wadogo hao hawaruhusiwi mabomba makubwa na tiketi yao haishuki vya kutosha. Wakubwa zaidi, nendeni siku ya wiki wakati wa likizo. Jumapili foleni ya bomba moja inaweza kumaliza nusu ya alasiri.