Kipimaunyevu cha kuzungusha kwa mkono, baada ya mwaka mmoja karakanani

Mimi ni seremala, na mbao ndizo zilizonifundisha kuujali unyevu wa hewa. Niliwahi kutengeneza kabati la droo sita, zote zikiteleza vizuri. Mvua zilipoanza mteja akanipigia simu: droo nne hazifunguki. Wakati wa kulitengeneza, kidude cha dijitali nilichokitundika ukutani kilionyesha asilimia 70, nikaamini mbao zimeshavimba, nikaacha upenyo mdogo. Baadaye nilikifungia ndani ya kopo pamoja na kisosi cha chumvi ya kawaida iliyoloweshwa mpaka ikawa kama uji mzito. Hewa iliyofungiwa na chumvi ya namna hiyo hutulia kwenye asilimia 75. Asubuhi yake kidude kilisoma 88.

Ndipo nikanunua hiki cha kuzungusha. Ni vipimajoto viwili vya kioo vilivyofungwa bega kwa bega kwenye fremu ya bati yenye mpini. Ncha ya kimoja imevishwa utambi wa pamba. Unaulowesha utambi, unasimama mbali na ukuta, unazungusha kwa dakika moja hivi. Maji yanapokauka huondoka na joto, kwa hiyo kile chenye utambi hushuka. Kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo kinavyoshuka zaidi. Siku ya kwanza nilipata 30 kwenye kikavu na 25 kwenye kibichi. Jedwali lililokuja nacho likanipa asilimia 67.

Ninachokipenda ni kwamba kila kitu kiko wazi machoni. Hakuna betri, hakuna kitambuzi kinachozeeka kimyakimya. Kabla ya kulowesha utambi mara ya kwanza, niliviacha vipimajoto vyote viwili vikavu kwa saa nzima, nikakuta vinapishana nusu digrii. Nimeiandika nusu hiyo kwa kalamu mgongoni mwa fremu, na kila nikipima naiondoa. Usipuuze jambo hili. Kwenye joto la 30, kibichi kikisoma 26 badala ya 25, jibu linaruka kutoka 67 hadi 73, na kwa fundi mbao hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Soma kibichi kwanza, tena upesi, kwa sababu ukisimama tu kinaanza kupanda. Usikiinamie na kukipumulia, wala usishike ncha zake. Zungusha tena mpaka usomaji wa mara mbili ulingane. Mimi huhitaji mizunguko mitatu.

Kasoro zipo. Mistari ya digrii ni myembamba mno. Jioni nalazimika kuwasha tochi. Ekseli ya mpini ililegea mwezi wa pili, nikaikaza kwa washa ya ziada. Na utambi unataka kutunzwa: nilitumia maji ya bomba, ukawa mgumu na wa kijivu kwa chumvichumvi, usomaji ukaanza kuwa wa juu kuliko kawaida. Sasa natumia maji yaliyokenekwa tu, na utambi nabadilisha mara unapoanza kukakamaa.

Anayetaka kujua hali ya usiku kucha akiwa amelala, hiki hakimfai. Mimi nakizungusha kila asubuhi kabla ya kushika randa, naandika namba ubaoni, halafu ndipo naamua upenyo wa droo.