Mafuta ya kupaka kwa ukavu wa Dodoma: ununue kipi kwanza, kipi ukiache dukani

Kuanzia Juni, upepo wa kipupwe ukishaanza, Dodoma mtu akikosa mafuta siku moja anajulikana. Miguu inapauka hadi magotini, midomo inachanika, visigino vinaota magaga yanayokwaruza shuka. Jiji liko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua yake ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Miezi inayobaki hewa ni kavu na inanyonya maji kwenye ngozi mchana kutwa. Anayehamia kutoka Tanga au Dar es Salaam na losheni yake nyepesi asishangae ikishindwa kazi huku. Kule hewa yenyewe ilikuwa inamsaidia.

Ukavu wa ngozi ni suala la maji kwanza, mafuta baadaye. Orodha hii nimeipanga kwa swali moja tu: kipi kinabakiza maji mwilini kwa pesa ndogo zaidi? Harufu na picha ya kopo sikuvipa alama.

Namba moja: mafuta ya mgando yasiyo na harufu

Najua yanadharauliwa, wengi wanayaita mafuta ya watoto. Lakini katika vyote utakavyovikuta soko la Majengo au Sabasaba, hakuna kinachofunga maji kama petrolatamu, ndiyo mgando wenyewe. Mmarekani Robert Chesebrough aliipatia hataza mwaka 1872, na mpaka leo wakemia wa vipodozi wakitaka kujua mafuta fulani yanafunga maji kiasi gani, wanayalinganisha na hiyo. Haichachi, haina maji ya kukuza bakteria, na ni nadra kumletea mtu mzio.

Kosa kubwa ni saa ya kupaka. Mgando hauna maji ya kukupa, unafungia yaliyopo. Ukioga, jipanguse juujuu, kisha paka ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Ukisubiri mpaka umekauka na kuvaa, umefungia ukavu. Na paka kidogo: tabaka nene linakusanya vumbi, na vumbi la hapa halihitaji mwaliko. Usoni mwezi wa Oktoba, joto likipanda, hata mimi siyapendi.

Bei ipigie hesabu kwa gramu. Tuseme kopo la gramu 50 ni shilingi 1,500 na la gramu 250 ni shilingi 5,000: la kwanza linakugharimu shilingi 30 kwa gramu, la pili 20. Vikopo vidogo vinaonekana rahisi, ndiyo maana vinapangwa mbele.

Namba mbili: losheni au krimu yenye gliserini juu kwenye orodha

Geuza chupa usome viambato. Huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, ingawa vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote. Maji yakiwa ya kwanza na gliserini ya pili au ya tatu, hiyo ni losheni ya kazi. Gliserini ikiwa imejificha baada ya manukato, weka chini: manukato kwa kawaida hayazidi asilimia 1 au hivyo, kwa hiyo kinachofuata ni tone tu. Jina kubwa lililoandikwa mbele, la asali, parachichi au mshubiri, mara nyingi utalikuta mkiani huko huko.

Kwa uso wenye mafuta au chunusi, losheni ya aina hii ndiyo ningeiweka namba moja. Kwa magaga, nenda duka la dawa uulize krimu ya yurea. Asilimia 10 inatosha miguu mikavu, 20 na kuendelea ni ya visigino vigumu. Kama kisigino kimeshapasuka mpaka damu, itawasha, anza na mgando mpaka kifunge.

Namba tatu: gliserini ya chupa

Rahisi, inadumu, na inaharibiwa na matumizi. Gliserini inavuta maji. Hewani yakikosekana, na Dodoma ya Julai hayapo, inavuta yaliyo ndani ya ngozi yako. Ndiyo maana wengine wanajipaka tupu na jioni wanalalamika kwamba inawakausha. Changanya matone machache na maji kiganjani, paka, kisha funga kwa mgando kidogo juu yake. Kwa pesa ndogo hiyo inafanya karibu kazi yote ya losheni ya bei.

Usichanganye chupa nzima na maji ukaiweka dirishani wiki tatu. Kitu chenye maji kinahitaji kihifadhi, la sivyo fangasi na bakteria wanahamia. Hapo ndipo kazi ya mkemia wa vipodozi ilipo: kuunganisha maji na mafuta yasitengane, kuchagua kihifadhi, kurekebisha asidi, kujaribu chupa kwenye joto na baridi kabla haijauzwa. Kijana anayesoma kemia Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kuona mbele yake ualimu tu, afikirie upande huu.

Namba nne: mafuta ya alizeti

Singida na Dodoma ndiko nyumbani kwake, na mtoto mchanga wa huku amepakwa sana. Yana asidi linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi inaitumia kujenga ukuta wake. Utafiti wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 2005 uliona kwamba watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti hospitalini walipata maambukizi kwa kiwango cha chini kwa asilimia 41 kuliko wasiopakwa. Lakini hayafungi maji kama mgando, na yanachacha upesi yakikaa juani kwenye madumu ya njano kando ya barabara. Nunua yaliyochujwa, kiasi kidogo, uyaweke gizani.

Mbegu za zabibu nazo zina asidi hiyo hiyo kwa wingi. Viwanda vya mvinyo tunavyo, lakini kopo la mafuta hayo sijaliona sokoni.

Yanayofuata

Mafuta ya nazi ni mazuri, ila nyumbani kwake ni pwani na huku unalipia safari. Yakiganda asubuhi ya Julai usimgombeze muuzaji: nazi huganda ikishuka chini ya nyuzi 24 au 25. Mafuta ya mbegu za ubuyu ni mepesi na yanapendeza, lakini kwa bei yake ni zawadi, si ya kila siku.

Usinunue kabisa

Mkorogo wa kujichubua, na chochote kinachochotwa kwenye ndoo kwenda kwenye kopo lisilo na jina. Vinavyokutwa humo ndivyo tatizo: zebaki inaharibu figo, haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaacha madoa meusi kuliko yale uliyotaka kuyaondoa, na steroidi zinaifanya ngozi kuwa nyembamba. Zote zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo tafuta alama yao, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Krimu inayokung'arisha ndani ya wiki moja, muuzaji hata akikuapia "dada yangu, hii ni ya asili", iache.

Na kabla ya kuongeza bajeti ya mafuta, tazama sabuni. Ngozi ina pH (kipimo cha asidi) ya karibu 5, sabuni ya kipande ni 9 hadi 10. Anayeogea sabuni ya mche mara mbili kwa siku anaondoa asubuhi na jioni alichopaka. Kwa kipupwe, sabuni iguse makwapa, miguu na sehemu za siri, kwingine maji yanatosha.