Bwawa kubwa au mchepuo wa mto: kipi nafuu kwa vyura?

Swali hili huibuka kila mradi wa umeme wa maji unapotajwa katika nchi za tropiki. Tuitazame mifano miwili: Balbina ya Brazili, ambayo ni bwawa kubwa, na Kihansi ya Tanzania, ambako maji ya mto huchepushwa, yaani huondolewa kwenye mkondo wake na kupelekwa kwenye mitambo.

Kwa eneo linalopotea, Kihansi inashinda kwa mbali. Bwawa lake ni dogo. Nguvu inatokana na maji kuporomoka mamia ya mita. Balbina, iliyoanza kujazwa mwaka 1987, ilizamisha msitu wa Amazon na kuacha vilele vya vilima vikiwa visiwa zaidi ya 3,500. Kisiwa kidogo hupigwa jua na upepo pande zote. Majani yaliyooza chini hukauka, na chura, ambaye ngozi yake hupitisha hewa na maji, hawezi kuvuka ziwa kutafuta unyevu. Visiwa vikubwa hubakiza spishi nyingi zaidi.

Lakini udogo wa eneo usikudanganye. Chura wa Kihansi aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, hekta chache mno. Maji yalipochepushwa, manyunyu yakakatika. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Alirudishwa 2012 kutoka bustani za wanyama za Marekani, na makazi yake sasa hutegemea mabomba ya kunyunyiza.

Kwenye msitu tambarare, ningeliogopa bwawa kubwa. Kwenye korongo lenye spishi isiyopatikana kwingine, ningeuogopa zaidi mchepuo, na ningedai vyura wachunguzwe kabla ya ujenzi.