Kabichi ya chupa iliyochachushwa: naipenda, ila angalieni chumvi

Miezi kadhaa sasa nakula kabichi hii, vijiko viwili vitatu pembeni ya chakula, na naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imeliwa na chumvi.

Nilivutiwa na lebo. Viambato ni viwili tu: kabichi na chumvi. Hakuna siki wala sukari, na imeandikwa kwamba haikupashwa moto, hivyo ikae kwenye friji. Wanunuzi wengi wa achari hawaliangalii jambo hili, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Mboga za siki huazima ukali kutoka kwenye siki. Hii hujitengenezea wake. Bakteria waliokuwa kwenye majani hula sukari ya kabichi na kutoa asidi laktiki, na asidi hiyo huzuia vijidudu vya kuozesha. Nikifungua kifuniko nasikia gesi ikipumua, mapovu madogo yanapanda. Bakteria wako hai. Chupa zinazokaa rafuni bila friji kwa kawaida zimepashwa moto: nyuzinyuzi zimebaki, vitamini C imepungua, bakteria wamekufa. Bado ni chakula, lakini anayetafuta bakteria hai hatawapata humo.

Ladha ni kali na safi, na kabichi bado inakatika menoni. Tumbo langu limetulia tangu nianze, ingawa siwezi kuipa kabichi sifa zote kwa kuwa nimeongeza pia mboga nyingine.

Kwa virutubisho, gramu 100 za kabichi ya namna hii huwa na kalori 20 hivi, nyuzinyuzi karibu gramu 3 na vitamini C kama miligramu 15. Mbichi ina vitamini C zaidi ya maradufu, kwa hiyo hii haichukui nafasi ya mboga mbichi. Hata hivyo si haba: mwaka 1768 nahodha Mwingereza James Cook alipakia kabichi iliyochachushwa kwenye meli ya Endeavour ili kuwakinga mabaharia na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, wakati hakuna aliyejua vitamini C ni nini. Vitamini hiyo huyeyuka kwenye maji, ndiyo maana maji ya chupa siyamwagi. Nayanyunyizia kwenye chakula kikishapoa kidogo, maana moto huiharibu.

Sasa chumvi. Kabichi ya aina hii huweza kuwa na sodiamu miligramu 660 kwa gramu 100, yaani chumvi gramu 1.6 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Lebo ikitaja sodiamu peke yake, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Kuisuuza hupunguza chumvi, lakini vitamini nazo huondoka na maji. Mimi naila na chakula ambacho sikukitia chumvi kabisa. Mwenye shinikizo la damu apime kijiko chake, na anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza, kwani kabichi hii ina vitamini K inayopingana na dawa hiyo.