Kinga ya fremu ya gari la kuunda: ipi ununue Uganda

Fremu ya bomba la mraba huanza kuoza ndani, pale maji na tope la murram yanapoingia kwa matundu ya bolti yakakosa pa kutokea. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji yeyote ni hili: kinga yako inafika ndani ya bomba?

Kuchovya kwenye zinki moto kunashika namba moja, maana hufunika ndani na nje kwa mara moja. Zinki huyeyushwa kwa nyuzi 450 hivi, na kwenye chuma cha milimita 3 hadi 6 huacha tabaka la mikroni (elfu za milimita) 70 hivi. Jiwe likichubua, zinki huliwa kwanza na chuma hubaki salama. Ila fremu iwe imekamilika kabisa kabla ya kuchovywa. Kila bomba litobolewe miisho yote miwili, kwenye pembe zinazopishana, milimita 12 au zaidi. Bomba lililozibwa huweza kulipuka. Toa magamba yote ya kulehemu na rangi ya zamani, la sivyo zinki haishiki hapo. Uliza urefu wa birika la zinki kabla ya kukata chuma. Ukilehemu baadaye unaunguza kinga, na moshi wake huleta homa.

Kwa wengi wanaoundiwa gari Katwe au Kisenyi, Kampala, sisi tungechagua namba mbili: epoksi ya makopo mawili, rangi na hadena (dawa ya kuigandisha). Inarekebishika. Fundi akiongeza mkono wa springi, anasugua, analehemu, anapaka tena. Ubora wake wote uko kwenye maandalizi: osha mafuta kwanza, ndipo upige mchanga kwa mashine ya hewa hadi chuma kiwe kijivu karibu cheupe, kisha upake praima (rangi ya kwanza) ndani ya saa 4. Asubuhi za karibu na ziwa chuma hutoa jasho. Subiri kikauke na kipate joto, vinginevyo rangi itabanduka kama ganda. Kingo na mishono ianze kwa brashi, kwani rangi ya kupuliza hukimbia ncha kali. Fremu ya mita 5 ina karibu mita za mraba 7: makoti mawili hula lita 2 hadi 3. Jua huifanya epoksi kuwa unga, hivyo sehemu zilizo wazi zimalizie kwa poliurethani (rangi ya juu inayostahimili jua), ukivaa barakoa ya kuletewa hewa safi. Rangi ikikomaa, puliza nta ndani ya mabomba kwa mpira mrefu, na uache matundu ya chini wazi.

Rangi ya poda, inayookwa kwa nyuzi 180 hadi 200, ni ya tatu. Inapendeza na ni ngumu, lakini haipenyi ndani, na jiwe moja likiitoboa kutu hutambaa chini yake bila kuonekana. Ikubali tu ikiwa na praima ya zinki chini.

Lami na oili chafu si kinga. Lami hukauka, hupasuka na kuficha maji. Oili chafu hulainisha raba za bushi, hukusanya vumbi, na siku ukitaka kupaka rangi ya kweli, haitashika.