Kusafisha URL kwenye logi: sed au urlsplit ya Python?

Ukitaka tu kukata kila kilicho baada ya alama ya kuuliza kwenye URL za logi ya seva, sed (programu ya mstari wa amri inayobadilisha maandishi) inatosha, na faili kubwa inaipitia haraka. Kosa linaloharibu data ni hili: `s/?.*//`. Nyota ile ni lafi. Inameza hadi mwisho wa mstari, na msimbo wa hali ya jibu, kama 200 au 404, unapotea pamoja na saizi ya jibu. Kuongeza `.*?` hakusaidii, kwani sed haina ulinganishaji wa kiasi (non-greedy), yaani usiomeza kupita inavyohitajika. Taja mahali pa kusimama:

`sed 's/?[^ "]*//g'`

Hapo inakoma kwenye nafasi au alama ya nukuu. Ukiweka `-E` (regex iliyopanuliwa), andika `\?`; lakini bila `-E`, katika sed ya GNU, `\?` hugeuka kuwa "mara moja au sifuri". Na `&` upande wa kubadilishia hurudisha kipande chote kilicholingana, hivyo ukitaka `&` yenyewe andika `\&`.

Ukitaka kuondoa `utm_source` (kigezo cha kufuatilia mgeni ametoka wapi) pekee na kubakiza vigezo vingine, achana na sed: utabaki na `?&` zinazoning'inia. Toa URL kwenye mstari kwanza, kisha tumia `urlsplit` na `parse_qsl` za `urllib.parse` ya Python: ya kwanza hugawanya URL, ya pili husoma vigezo vyake, na `urlencode` huviunganisha tena. Kwenye `parse_qsl` weka `keep_blank_values=True`, la sivyo vigezo vitupu hutoweka kimya kimya. `urlencode` nayo hugeuza `%20` kuwa `+`, kwa hiyo mpe `quote_via=quote`. Zungushia `try`: URL kama `http://[abc` hutupa `ValueError` na kusimamisha kazi nzima.