Walter Rodney: uanze na kitabu kipi?

Anayetaka kumsoma Rodney, mwanahistoria wa Guyana, leo huelekezwa moja kwa moja kwenye How Europe Underdeveloped Africa cha 1972, cha enzi zake za kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni kizito kwelikweli. Sura ya kwanza inauliza maendeleo ni nini hasa, kisha hoja inashuka karne kwa karne: biashara ya utumwa, mazao ya biashara, reli zinazotoka machimboni hadi bandarini badala ya kuunganisha nchi na nchi. Mwishoni kuna maneno ya Abdulrahman Babu, mwanasiasa, Mzanzibari wetu.

The Groundings with My Brothers, cha 1969, ni chembamba. Jioni moja kinatosha. Humo Rodney msomi anakaa chini na Marasta na makabwela wa Kingston, anafundisha na kufundishwa. Oktoba 1968 serikali ya Jamaika, alikokuwa akifundisha, ilimzuia kurudi nchini alipotoka safari, na ghasia zikazuka mjini.

Kwa mabishano ya darasani, cha 1972 hakina mpinzani. Kikundi cha vijana mtaani ningekipa hiki kidogo kwanza, maana kinaonyesha kazi inavyofanywa. Kile kikubwa wengi hukiachia sura ya pili, wakabaki kunukuu jalada.